Hasira Haziendi Kundini Mbichi

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, la bibi yake mzaa baba, lakini leo ukifika kwenye lile jengo la njano la ghorofa nne ukaliulizia jina hilo, utatumwa duka la dawa, utatumwa kwa mlinzi, na mwisho utaambiwa hapa hakuna mtu kama huyo. Ulizia Chujio. Hapo hata mtoto wa juzi atakuonyesha kwa kidole: chumba cha chini, cha pili kutoka langoni, penye cherehani mbili na lile sanamu lisilo na kichwa lililovalishwa sare ya shule.

Alikuwa fundi wa kushona, mjane, mtu wa makamo, mwenye utepe wa kupimia shingoni tangu asubuhi mpaka anapolala, na siku nyingine mpaka anapoamka. Akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Watu wakasema, jamani, mwanamke mwenye haya huyu. Haya gani! Alikuwa na pengo la meno mawili ya juu, pembeni kidogo, mahali pasipoonekana mtu akiongea ila akifungua mdomo wote. Aliyapoteza akiwa msichana, kwa kufungua soda kwa meno mbele ya wavulana ili wamwone shujaa. Wavulana walimwona, na meno yakaenda. Siri hiyo pale mjini waliijua watu wawili tu: marehemu mumewe, na wifi yake.

Wifi huyo, dada wa marehemu, alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, na jengo zima lilimwita Nesi. Aliishi ghorofa ya tatu. Tangu kaka yake azikwe, kila akitoka kazini alipitia kwa Chujio kabla ya kupanda kwake. Alivua viatu mlangoni, akakalia kiti cha wateja, akanywa chai yenye sukari ya kutisha huku akilalamika kwamba haina sukari. Waligombana kila siku. Nesi akisema kola imepinda, Chujio humwambia akashone vidonda vya watu, nguo aziache. Ugomvi uliisha kabla chai haijapoa. Ndugu wengine wa Chujio walikuwa mbali, wengine kaburini, na wengine walipatikana kwenye simu tu siku wakiwa na shida. Nesi ndiye aliyekuwa ukoo wake wote pale mjini. Chujio alilijua hilo vizuri sana, ingawa hata ungempiga asingelisema.

Sasa tuje kwenye kundi. Kundi la wapangaji kwenye simu lilianzishwa na mlinzi wa jengo kwa nia njema kabisa, kuwajulisha watu maji yakikatika. Mwanzoni lilikuwa tamu kama asali. Asubuhi picha za maua, mchana dua, jioni "lala salama jirani yangu". Watu waliokuwa wakipishana kwenye ngazi miaka nenda miaka rudi bila hata hujambo wakawa wanatakiana heri utadhani wachumba.

Lakini simu ina ujasiri wake. Mtu ambaye ana kwa ana hawezi kumfukuza kuku, mpe simu uone. Siku moja mama wa mapacha wa ghorofa ya nne alizikuta nguo za wanawe zimesukumwa ukingoni mwa kamba juu ya paa, na katikati limetandazwa blanketi zito linalochuruzika maji. Akaandika kundini, bila kutaja mtu, kwamba kuna wapangaji hawakulelewa. Mwenye blanketi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma aitwaye Cheche, ambaye kwa sababu ya kelele za mashine zake anaongea kwa kupiga kelele saa zote, na hata kuandika huandika kwa herufi kubwa tupu. Akajibu. Mama Pacha akajibu kwa ujumbe wa sauti, mapacha wenyewe wakilia kwa nyuma kama ushahidi. Wakaingia na wengine, na wakali kuliko wote walikuwa wale ambao hawakuwa na hata soksi moja pale kambani. Jua lilipozama matusi yalikuwa yameshafika kwa baba zao, na wengine wamewafukua na babu. Mlinzi akaandika, "Naomba tuheshimiane." Akajibiwa, "Wewe fungulia maji." Maskini mlinzi akajitoa kundini, na wakati anajitoa akabonyeza huku na kule. Chujio, aliyekuwa kimya anapiga pindo, akasikia simu imelia. Akasoma: wewe sasa ni msimamizi wa kundi.

Mwingine angejitoa naye. Yeye aliweka simu mezani, akamaliza pindo lake, kisha akaandika:

"Majirani, fundi mwenye akili hapeleki kitambaa cha mtu kwenye mashine moja kwa moja. Hupiga bandi kwanza, ule mshono wa mkono wa nyuzi ndefu, ili akikosea achomoe bila kuharibu nguo. Kuanzia leo hasira haziendi kundini mbichi. Mwenye hasira aniletee mimi kwanza, pembeni, nimpigie bandi. Nikimrudishia, ndipo aweke. Mkaidi nitamtoa."

Halafu akajitokeza Mwalimu, mstaafu wa ghorofa ya pili, mzee anayependa kanuni kuliko chakula. Akauliza: "Na msimamizi mwenyewe ukikasirika, nani atakuwa chujio lako?" Chujio akacheka, kiganja mdomoni, akajibu: "Nitampelekea wifi yangu, Nesi." Watu wakacheka. Nesi akaandika kwamba ada yake ni chai yenye sukari. Mwalimu hakucheka. Akaandika: "Imepokelewa. Imeingia kwenye kanuni." Hapo ndipo jina la Chujio lilipozaliwa.

Wa kwanza kuchujwa alikuwa Cheche. Alimletea ujumbe huu: "ALIYEACHA NDOO KWENYE NGAZI NI MPUMBAVU, BABA YAKE MPUMBAVU, NA NDOO YENYEWE YA KIPUMBAVU." Chujio akamrudishia: "Jirani mpendwa, ndoo yako imesahaulika kwenye ngazi. Nimeisogeza pembeni isije ikamwangusha mtu."

Cheche akapiga simu, sauti ikavuma chumba kizima. "Dada, mbona mimi sijaisogeza hiyo ndoo?"

"Basi nenda kaisogeze, kaka yangu, ndipo uuweke ujumbe. Usiseme uongo kundini."

Akaenda, akaisogeza. Mwenye ndoo akashukuru mbele ya watu wote. Cheche hakujua afanye nini na shukrani, kwa kuwa hakuzizoea, akatuma picha ya ua.

Kazi ikanoga. Mama Pacha alituma sauti ndefu zenye kilio ndani yake, na Chujio alizisikiliza mpaka mwisho huku mguu ukikanyaga cherehani. Akagundua jambo: wengi wakishamletea matusi yao na kuambiwa "nimeyaona, pole mama," hawakutaka tena kuyaweka popote. Walikuwa wanatafuta mtu mmoja tu wa kuyaona. Kundi likatulia. Wapangaji wa jengo la jirani wakaja kuuliza dawa yake ni nini.

Tatizo la sifa ni kwamba hazikai mfukoni, hupanda kichwani. Chujio akaanza kuchuja hata visivyo na machicha. Mtu akiandika "maji yamekatika tena" anaambiwa hilo "tena" lina kijembe, alitoe. Ujumbe wote wa jengo ukawa na sura moja, kama sare zake za shule. Kila kitu "jirani mpendwa". Mke wa Cheche, aliposoma mumewe amemwita fundi bomba wa ghorofa ya kwanza "mpendwa", alimgeukia akamuuliza: "Hilo neno ulilificha wapi miaka yote hii?" Cheche alilala na mgongo wa mkewe siku kadhaa. Na watu walipomletea hasira zao, Chujio aliwaacha wasubiri mpaka amalize kazi aliyonayo, na akiwarudishia aliwaongezea mawaidha. Watu walilalamika pembeni, lakini nani amseme? Angewaambia walete malalamiko ayachuje.

Basi siku ya siku ikafika. Ulikuwa msimu wa kufungua shule, sare zimejaa mpaka dirishani. Jioni Nesi alipitia kama kawaida, akamkuta wifi yake amelala fofofo juu ya cherehani, shavu kwenye kitambaa, utepe umemzunguka shingo, mdomo wazi kama anaimba. Chai haijawekwa. Nesi alicheka peke yake, akatoa simu, akapiga picha, akapanda zake juu. Chujio alipoamka na kumkuta mteja amesimama mlangoni, hakujua kitu. Akamvalisha koti la shule ili aone mabega yamekaaje. Simu ikalia. Ikalia tena. Ikawa haikomi, kama maharagwe yanayoruka kwenye sufuria kavu.

Akaichukua huku pini ziko midomoni. Kundini kulikuwa na picha yake, na chini yake Nesi ameandika: "Msimamizi wetu yuko kazini, anachuja." Halafu vikaragosi vya kucheka, vile vinavyotoa machozi, safu kwa safu. Cheche: "HAHAHAHA." Mama Pacha: sauti ya kicheko, na mapacha nao wanacheka. Fundi bomba: "Jirani mpendwa, amka!" Mtu mwingine aliikuza picha, akaizungushia pengo duara jekundu, akauliza: "Hapa ndipo machicha yanapopitia?"

Chujio alitema pini mkononi, taratibu, moja baada ya nyingine. Alimwambia mteja arudi kesho. Uso ulimwaka. Kiganja kilikuwa kimeshapanda chenyewe kufunika mdomo, na mle chumbani hakukuwa na mtu ila sanamu lisilo na macho. Miaka yote hiyo kucheka kwa nusu, na leo jengo zima linamhesabia meno. Na aliyelifungua pengo lile ni yule yule aliyeaminiwa nalo. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Chujio aliyewapigia wengine bandi kwa tabasamu sasa alichemka mwenyewe.

Akafungua kundi, akaanza kuandika.

Mnajua jinsi simu inavyosengenya. Juu ya kundi kila mtu aliona: Chujio anaandika. Vikaragosi vikapungua. Chujio anaandika. Vikaisha kabisa. Cheche akafuta HAHAHAHA yake. Chujio bado anaandika. Kwenye vyumba vyote vya lile jengo watu walikuwa wameshika simu, sufuria zinaungua, na mtu asiyeogopa kitu kama fundi bomba alisikika akisema dirishani, "Mama yangu, mbona ndefu hivi?"

Kisha Mwalimu, ambaye kanuni hulala naye kitanda kimoja, akaandika mstari mmoja: "Tunakumbushana tu. Hasira haziendi kundini mbichi."

Kidole cha Chujio kikasimama. Akampigia Mwalimu papo hapo.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba leo unichuje wewe."

"Marahaba. Siwezi. Ulisema mbele yetu sote kwamba chujio lako ni wifi yako."

"Mwalimu, huyo huyo wifi ndiye niliyemkasirikia!"

"Naelewa. Kanuni haikusema lolote juu ya hilo. Ulipaswa kufikiria mapema, binti yangu." Na kwa sauti ya mtu aliyefurahi kupita kiasi, akaongeza: "Ukivunja, nani atafuata tena?"

Hebu fikiria ujinga wa jambo lenyewe. Mtu umeandika matusi ya kumtukana mtu, kisha umpelekee mtu yule yule ayapunguze makali kabla hujamtukana nayo. Mganga hajigangi, kweli, lakini huyu aliambiwa akagangwe na aliyemroga. Chujio akafikiri: sawa. Vizuri hata hivyo. Ayapate moja kwa moja, yakiwa ya moto, na Mwalimu asiwe na la kusema. Akaunakili ujumbe wote, akautuma kwa Nesi, na juu yake akaandika: "Wa kuchujwa."

Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi:

"Wewe Nesi, una mdomo kama mlango wa zahanati, haufungwi. Pengo langu ulilijua peke yako na umelianika kama nguo kambani. Umezoea kuja hapa kunywa chai na kuondoka, hujawahi hata siku moja kuniuliza ninalalaje. Ulimzika kaka yako ukarudi wodini kama mtu aliyezika paka. Ungekuwa na haya ungeshahama jengo hili ukaniacha na marehemu wangu kwa amani."

Tiki mbili. Zikawa za bluu. Chujio akangoja jibu kama bondia, ngumi juu. Badala yake, kule kundini ile picha ikatoweka, pakabaki maneno "ujumbe huu umefutwa". Basi. Nesi hakusema pole, hakusema koma.

Kesho yake jioni chai iliwekwa, kwa mazoea, na ikapoa. Keshokutwa vivyo hivyo. Nyayo za Nesi zilisikika zikipita mlangoni bila kupunguza mwendo, zikapanda ngazi. Chujio akajiambia heri, sukari itadumu. Lakini alikuwa akiitazama simu kila anapogeuza kitambaa. Alishona mkono wa kushoto bega la kulia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa mwanafunzi wa ushonaji. Ndipo alipoonja walichokuwa wanaonja Mama Pacha na wenzake: kuwa umeshatoa la moyoni mwako, liko mkononi mwa mtu, na mtu mwenyewe anamalizia pindo.

Na kila alipousoma upya ujumbe wake, sentensi moja ilimchoma kuliko zote, ile ya paka. Kwa nini ameiandika? Alikuwepo msibani. Alimwona Nesi akiwapokea wageni, akigawa maji, akiwapa watu viti, hakukaa hata mara moja. Alitaka kuufuta ujumbe, lakini umeshasomwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Ungemwona anavyoshika simu na kuiweka, anashika na kuiweka, ungemhurumia. Hakujua aanze vipi. Yeye aliyewaandikia watu arobaini na ushee maneno ya kuombana radhi, lake mwenyewe halikutoka.

Kundini nako kulikuwa na msiba wake. Hakuna aliyethubutu kuandika chochote baada ya ile picha. Maji yalikatika, na kwa woga kila mtu alingoja mwenzake ndiye atangaze. Jengo zima likashinda na ndoo kavu, watu wanachungulia simu, wanakohoa. Mwishowe Mama Pacha akawatuma mapacha mlango kwa mlango kusema maji hakuna, kama enzi zile kabla ya simu, na tuseme ukweli, habari ilifika.

Siku ya mapumziko asubuhi, Cheche akasimama mlangoni kwa Chujio na mkoba wa spana.

"Dada, shikamoo. Una mafuta ya cherehani kidogo?"

"Marahaba. Ya nini?"

"Nati za kitanda cha Nesi zimeshika kutu. Kaniita nikamfungulie." Alipiga kelele kama kawaida yake, kwa hiyo na jirani wa upande wa pili alisikia. "Anahamia kule karibu na hospitali. Gari linakuja mchana. Hukujua?"

"Najua," alisema Chujio. Akampa mafuta. Hakujua kitu.

Cheche alisita, akajikuna shingo. Akajaribu kushusha sauti, ikashuka mpaka ikawa kama ya mtu wa kawaida anayepiga kelele. "Dada, ile HAHAHA yangu. Nilicheka bila kufikiri."

"Nenda kafungue kitanda, kaka yangu."

Cheche akapanda. Chujio akabaki amekaa mbele ya cherehani, mguu kwenye kanyagio, haukanyagi. Simu ikalia. Nesi. Alifikiri ni kwaheri, akaigeuza simu kifudifudi mezani, kisha akaifungua.

"Wifi, samahani kwa kuchelewa," iliandikwa. "Kazi yako ilikuja chafu, nimeifua mara kadhaa. Soma kama inakukaa:

'Wifi yangu, ile picha imeniumiza. Pengo langu nilikuamini nalo, ukalitoa nje kwa utani. Ninalala juu ya cherehani kwa sababu kitanda kimekuwa kikubwa tangu kaka yako aondoke. Unakuja kila siku lakini hujawahi kuniuliza ninalalaje. Naomba uniulize.'

La mlango wa zahanati nimelitoa, ingawa ni kweli. La chai nimelitoa kwa sababu hiyo chai yenyewe haina sukari. La paka nimelitoa kwa kuwa sikuweza kulisoma mara ya pili. Kaka yangu huwa namlilia kazini, kwenye chumba cha mashuka. Nikija kwako nakuja nimeshanawa uso, kwa sababu nilidhani wewe una ya kwako yanakutosha. Lile la kuhama sikulichuja. Nimelipokea kama lilivyo. Ukiridhika, weka kundini."

Chujio alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, kwenye ule mstari wa kitanda. Yeye hakuandika kitanda. Hakuna mahali popote alipotaja kitanda. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiambia waziwazi kwamba kila usiku alitafuta kisingizio cha kazi ili asipande kile kitanda chenye upande mmoja baridi. Akalia. Alilia vibaya, kwa kelele, mdomo wazi wote, na kiganja hakikukumbuka kupanda.

Kisha akakumbuka gari la mchana.

Alitoka na utepe shingoni na kandambili moja mguuni. Ghorofa ya kwanza akawa anapanga maneno: wifi yangu mpendwa. Ghorofa ya pili, mbele ya mlango wa Mwalimu aliyekuwa amechungulia na miwani, akaongeza: nakuomba radhi kwa yale niliyoyaandika kwa hasira. Yalikuwa mazuri, yameshonwa, yamepigwa pasi. Alipofika ya tatu pumzi iliisha, na maneno yote yakabaki ngazini.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa na mabegi, sufuria zimefungwa kwenye shuka, ukuta una alama nyeupe palipokuwa na kalenda. Nesi alikuwa anakunja sare zake za kazi. Miguu ya Cheche ilionekana chini ya kitanda cha chuma.

"Usihame," Chujio alisema kwa nguvu zote, "mpumbavu mkubwa wewe!"

Miguu ya Cheche ikatulia. "Mimi?" ikauliza sauti kutoka chini ya kitanda.

"Si wewe! Wewe tulia huko huko!"

Nesi hakugeuka mara moja. Alimaliza kukunja nguo aliyoishika, akailainisha kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa amenawa uso.

"Hilo umelichuja?" akauliza.

"Halichujiki."

"Rudia."

"Mpumbavu mkubwa."

"La kwanza, wifi. Rudia la kwanza."

Chujio akaushika utepe wa shingoni. Neno lenyewe dogo, na alikuwa ameshalisema mara moja kwa kupiga kelele, lakini kulisema taratibu, mtu anakutazama, ni kazi nyingine. Hakuna wa kumwandikia. Hakuna wa kumpa alirudishe likiwa safi.

"Usihame," alisema. "Sina mtu mwingine."

Chini ya kitanda spana ilianguka sakafuni. Cheche akakohoa. "Samahani. Sasa mimi nafungua au nakaza?"

"Kaza," walisema wote wawili.

Nesi akaketi juu ya begi kubwa, akajisogeza kidogo kumwachia mwenzake nafasi. Chujio akaketi. Wakakaa bega kwa bega wakiitazama miguu ya Cheche ikihangaika na nati ya kwanza. Halafu Nesi akamgusa goti.

"Jana ulilalaje, wifi?"

"Vibaya," alisema Chujio, na akaanza kumweleza.